Siku Niliyoingizwa Ngomani na Baiskeli ya Maktaba

Naanza mwenyewe kabla hamjanianza: ndiyo, ni mimi. Ni mimi yule msichana wa kwenye wimbo, yule aliyefungwa kwenye baiskeli kama mbuzi anayepelekwa mnadani, na wale mnaouimba mkinipita pale sokoni mkidhani sisikii, nasikia, na mnakosea kiitikio. Aibu niliipata, sikatai, tena aibu ya jumla, siyo ya rejareja, aibu iliyoshuhudiwa na nusu ya mji wa Shinyanga na nyoka mmoja. Lakini kama mnasubiri niseme nilikosea kupanda baiskeli, subirini mvua ya mwezi wa nane.

Sasa sikilizeni, kwa sababu kila mtu anaisimulia anavyotaka na wengine wameshaniongezea hata mbuzi kwenye keria, ambaye hakuwepo.

Mnaijua maktaba yetu, ile nyumba ya bati jekundu ambayo ndani yake mtu akikohoa anaangaliwa kama kaiba. Mkutubi wake ni Bwana Zakaria, mtu mpole, miwani imefungwa uzi, ukimsalimia anakuitikia kwa kunong'ona hata mkikutana mtaani (nadhani sauti ya kawaida imeshamtoka mwilini). Mwaka huu petroli ilipokuwa ya kutafuta kwa tochi na mabasi yakawa yanaamka yakijisikia, Bwana Zakaria aligundua kwamba kwenye stoo ya elimu ya watu wazima kuna baiskeli sita zimelala, zinaliwa na kutu, hakuna anayezipanda. Akaziomba, akapewa, akazipaka rangi ya kijani, akazigongea muhuri wa maktaba kwenye kiti, kabisa, kama anavyogonga kwenye vitabu, halafu akabandika tangazo: mwenye kadi ya msomaji anaazima baiskeli bure, anakwenda zake anakokwenda, anairudisha siku hiyo hiyo kabla ya kengele ya kufunga. Bure! Mimi niliposoma neno hilo nilirudia kulisoma, nikadhani limekosewa.

Shida ilikuwa mwenyekiti wa kamati ya maktaba, Mzee Bundala. Huyu ni mzee wa ng'ombe wengi na maneno machache, anakuja maktaba kusoma gazeti moja, analala nalo usoni, anaamka, anakunja, anaondoka. Aliposikia wasichana nao tumepanga foleni na kadi zetu alisimama katikati ya chumba, mahali ambapo sisi tukinong'ona tunafukuzwa, akasema kwa sauti ya kuita ndama:

"Msichana juu ya baiskeli! Huko juu anakwenda kuona nini?"

Bwana Zakaria akanong'ona kwamba kadi ni kadi, haina mvulana wala msichana. Wakavutana. Mwisho wakapatana tujaribiwe, lakini kwa sharti ambalo wavulana hawakupewa: msichana mmoja akichelewa kengele, hata kidogo, wasichana wote tunashushwa, na hatupandi tena. "Mmoja akichelewa, mmechelewa wote," alisema Mzee Bundala, na alisema kama mtu anayejua kwamba atasubiri kidogo tu.

Angalieni haki hiyo. Juma, mnayemjua, wa darasani kwetu, alirudisha baiskeli siku ya pili yake, gurudumu limepinda kama andazi lililokaliwa, akaambiwa pole, umeumia? Sisi tulikuwa tukirudisha mapema, tumeifuta vumbi, tumeitia mafuta ya kupikia kwenye cheni (tumekula mboga kavu nyumbani kwa sababu hiyo), na bado Mzee Bundala anatoka nje kila jioni na saa yake ya mfukoni, anatutazama tunavyokuja, uso umekunjamana kwa huzuni kwamba tumewahi.

Basi, Jumamosi ile. Nilikuwa napeleka kitabu kwa bibi yangu, ambaye anakaa nje ya mji, njia ya kwenda Tinde, na ambaye tangu ajifunze kusoma hashibi: ukimletea kitabu anakimaliza, anakulaumu kwamba ni kifupi. Rafiki yangu Teddy ndiye aliyenisindikiza mpaka mlangoni pa maktaba. Teddy ni mtoto wa Ushirombo, kalelewa karibu na misheni, ana adabu ya watu wawili, na baiskeli alikuwa anaiogopa kiasi kwamba nikiipiga kengele anafanya ishara ya msalaba. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Kabula, hiyo khanga ni ndefu."

"Ndefu ndiyo heshima."

"Itaingia kwenye cheni."

"Teddy, wewe baiskeli umeipanda lini?"

(Teddy, ukisoma hapa, nakubali, ulisema. Usinikumbushe tena.)

Nieleze khanga. Baiskeli zenyewe ni za kiume, zina lile bomba la kati, na sketi ya shule ukipanda nayo unafika mahali umeshapata sifa mpya. Kwa hiyo ndani nilivaa kaptura ya kaka yangu, kaptura ambayo nyuma ilikuwa imechoka, kuna mahali ungeweza kupitisha ngumi, na juu yake nikajifunga khanga ya mama, mpya, ya foleni ya duka la ushirika, ambayo mama alikuwa bado hajaivaa hata siku moja. Hakunipa. Na mimi sikumwomba, kwa sababu ningemwomba angesema hapana, na kwa nini nimpe mama yangu kazi ya kusema hapana? Khanga niliihitaji kwa sababu ya njia yenyewe: njia ya kwa bibi ina wazee, na wazee wanasalimiwa.

Kwenda nilikwenda vizuri. Jua kali, watu wamejifungia ndani, njia yangu peke yangu, nikaimba. Kwa bibi ndiko muda ulikoanza kuniponyoka, maana bibi huwezi kumpa kitabu ukageuza. Kwanza salamu, na salamu ya bibi inapita kwa kila mtu wa nyumbani mmoja mmoja, halafu kazi ya baba kwenye kinu cha pamba, halafu mguu wa jirani. Halafu ugali, na ugali wa bibi hauliwi wima. Nilipoinuka kuaga, keria ilikuwa tayari imefungwa furushi la michembe, viazi vikavu vya kututosha mpaka masika.

"Bibi, hairuhusiwi mzigo. Kanuni ya maktaba."

"Mayu, mama yangu, hii si mzigo. Ni michembe."

Ungemjibuje?

Nikatoka. Muda bado ulikuwepo, ningenyonga kawaida ningefika na kujipangusa jasho. Sasa hapo ndipo nilipokumbuka (kwa kuona, siyo kwa akili) kwamba mavuno yameisha, na jioni ile kuna ngoma kubwa kwenye uwanja wa nje ya mji, na wazee wote wa vijijini wanakwenda huko kwa njia hiyo hiyo yangu, wametandaa kama ng'ombe wanaotoka kunywa maji.

Wenzangu mliozaliwa nyumba za Kisukuma mnajua. Msichana hampiti mzee juu ya baiskeli. Anashuka, anaiegemeza, anapiga goti, anasalimia, anajibu anachoulizwa, anangoja aambiwe nenda. Nikashuka kwa wa kwanza. "Mwadila, baba." Akaitika, akauliza ng'wana nani, yaani mtoto wa nani, nikasema wa Masanja wa kinuni, akasema aaa, Masanja, akanieleza siku waliyochunga wote. Nikapanda, nikanyonga hatua za kuku, mbele yangu bibi kizee na binti zake. Nikashuka. Goti. "Mwadila, mayu."

"Mwadila, mayu. Na hicho ni cha kwako?"

"Cha maktaba, mayu."

"Na mwenyewe Maktaba anajua umechukua?"

"Anajua, mayu."

"Haya. Umpe salamu."

Nikapanda. Wazee wawili wenye fimbo. Nikashuka. Magoti yangu yalikuwa yameshakuwa meupe kwa vumbi kama ya fundi wa chokaa, na michembe inanivuta nyuma kila nikishuka, na khanga kila nikiinuka naifunga upya, kila nikiifunga inalegea zaidi. Ndipo Juma akanipita. Na yeye kaazima baiskeli ya kijani kama yangu, muhuri kama wangu, akanyanyua mkono mmoja hewani, "Mwadila, wazee!" hakupunguza hata mwendo, vumbi lake likawaingia mdomoni, na wale wazee wakacheka wakasema, "Kijana mchangamfu yule." Mimi nipo chini, nimepiga goti, namtazama mchangamfu anavyopotea kwenye kona.

Nikatazama mbele: wazee, wazee, wazee, mpaka mwisho wa macho. Nikatazama jua. Nikamwona Mzee Bundala kichwani mwangu anatoa saa mfukoni anatabasamu, na nyuma yake wasichana wenzangu wote wamepanga foleni wanarudisha kadi, kwa sababu ya magoti yangu mimi. Ndipo nikaamua. Uamuzi wenyewe mdogo tu, jamani, hata mngekuwa nyinyi: niache njia, nikate kushoto, nipite katikati ya uwanja wa ngoma, nitokee upande wa pili karibu na mji. Huko kila mtu anatazama ngoma, hakuna anayengoja kusalimiwa.

Hesabu yangu haikuwa mbaya. Ngoma zetu ni za mashindano, mnajua, manju wawili wanaingia uwanja mmoja, huyu na kundi lake upande huu, yule na lake upande ule, wanapiga kwa wakati mmoja, na mshindi hatangazwi na jaji, anatangazwa na miguu ya watu: watu wakikimbilia kwako umeshinda, wakikuhama umekwisha. Ndiyo maana kila manju anaficha kitu kipya cha kuwavuta. Na kati ya makundi mawili kunabaki kipande kitupu, chembamba, kama njia ya ng'ombe. Nikasema napita hapo kwenye kipande, kama mshale, hakuna atakayejua aliyepita ni nani.

Siku hiyo walikuwa Manju Lugwisha na Manju Shija. Shija alikuwa ameleta chatu. Mtu wake kajiviringisha chatu shingoni, chatu anatoa ulimi, watu wanapiga mayowe, wanarudi nyuma, wanasogea tena, uwanja wote uko kwa Shija. Kwa Lugwisha walibaki wake zake, wajukuu, na mzee mmoja ambaye nadhani alikuwa amelala. Lugwisha anaimba na sauti inakatika, jasho si la kucheza tena, ni la mtu anayehamwa.

Nikaingia kwenye kipande. Mwendo ulikuwa mzuri! Nasema hivyo kwa kiburi chote, niliinamia usukani, kengele nimeishikilia kwa kidole gumba, krrr krrr krrr, nimebakiza robo tu ya uwanja, nauona mji, nayaona mabati, hata lile jekundu. Na hapo khanga ya mama ikafunguka, ikaingia kwenye cheni.

Kama hamjawahi kuliwa na baiskeli, siwezi kuwaeleza vizuri. Haivuti mara moja. Inatafuna. Inameza upindo, inavuta ua moja moja, na wewe unaendelea kunyonga kwa sababu miguu bado haijapata habari, halafu ghafla gurudumu la nyuma linakataa, na mimi na baiskeli na michembe ya bibi tukaanguka ubavu, kwa kishindo, na vumbi, upande wa Lugwisha.

Kengele ikang'ang'ania. Sijui ilibana wapi, ikawa inalia yenyewe bila kidole. Furushi likapasuka, michembe ikatapakaa kama mbegu za mtu anayepanda. Nikajaribu kuinuka, nikainuka na baiskeli yote, imenishika kiunoni, nikaruka kwa mguu mmoja, nikazunguka, nikaanguka tena. Nikavuta khanga, khanga nayo ikanivuta. Na nilipofumbua macho vizuri nikaona miguu. Miguu mingi. Inakimbia kuja.

"Lugwisha kaleta nini?"

"Kaleta msichana wa chuma!"

"Kafungwa na dawa huyo, tazama, hatoki!"

"Sikiliza kengele inavyolia yenyewe!"

Wakamwacha chatu, jamani. Chatu mzima, mrefu kama deni, wakamwacha na mwenye chatu wake wamesimama peke yao kama watu waliosahauliwa kualikwa. Watoto wakaruka kwenye michembe. Nikasikia Manju Shija anapiga kelele kutoka ng'ambo: "Huo si mchezo! Anahonga watu kwa michembe! Lugwisha anahonga!" Na kadiri alivyopiga kelele, ndivyo wale wachache waliokuwa wamebaki kwake walivyosikia kwamba huku kuna michembe.

Mimi nikapiga yowe kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo: "Niacheni, jamani! Maktaba inafungwa!"

Na uwanja mzima, kwa sauti moja, kama waliofundishwa, ukaitika: "Inafungwaaa!"

Nikasema sivyo, nisikilizeni, maktaba inafungwa! Inafungwaaa! Ngoma zikaingia hapo hapo. Kila nikilia kuomba msaada nilikuwa ndani ya mdundo. Nikifunga mdomo, kengele inajaza nafasi.

Lugwisha akaja akaniinamia, manyoya ya kichwani yananigusa pua, bado anatabasamu kwa watu lakini macho yanatafuta.

"Mtoto wa nani wewe?"

"Wa Masanja wa kinu cha pamba. Shikamoo, baba." (Nilikuwa chali. Goti moja lilikuwa hewani, nadhani lilihesabika.)

"Marahaba. Nani kakuleta kwenye ngoma yangu?"

"Hakuna, baba, natokea njiani, nawahi maktaba."

"Maktaba ni ngoma ya wapi?"

"Siyo ngoma, baba! Ni nyumba ya vitabu, hapo mjini, na kengele yake ikipigwa hii baiskeli haijaingia, wasichana wote wa mji huu wanashushwa, hatupandi tena, na yule mzee anangoja mlangoni na saa mkononi!"

Akainua kichwa akawatazama watu. Walikuwa wamejaa mpaka mwisho, wanasukumana kumwona. Akanirudia.

"Ungekaa hivyo hivyo kidogo tu."

"Siwezi, baba."

"Kidogo."

"Baba, watashushwa wote!"

Mtu huyu ana akili, nasema wazi, na hata wimbo alioutunga nimemsamehe nusu yake. Alifikiri kwa muda wa kupangusa jasho, halafu akasimama wima, akapuliza filimbi, akawaambia vijana wake wanne: mbebeni. Wakajaribu kunitoa kwenye baiskeli, ikashindikana, khanga imekaza kama kamba ya kisima. Basi wakatubeba wote wawili, mimi na baiskeli, juu ya mabega, na Lugwisha akatangulia mbele anacheza kuelekea mjini, kwa sababu alishaona kitu ambacho hakuna manju aliyewahi kukiona: siyo watu wa kukimbilia upande wake tu, ni uwanja wote kumfuata nje. Na uwanja wote ukamfuata. Shija naye akafuata, akidai ni wizi. Mwenye chatu akafuata, na chatu.

Sasa fikirini tunavyoingia mjini. Mimi niko juu, kichwa kimeangalia nyuma, kwa hiyo mji nauona ukiwa umeshapita. Khanga imebaki kipande cha mbele tu, nyuma kuna kaptura ya kaka na ile ngumi ya hewa, na upepo unaingia bila hodi. Kila duka watu wanatoka. Mtaa mzima wa Kambarage ukatoka. Manju anaanza, "Ng'wana Masanja, unakimbilia wapi?" na watu mia (sijahesabu, nilikuwa na shughuli) wanaitika, "Maktaba inafungwaaa!" Nikamwona mwalimu wangu wa hesabu ameshika mkate. Nikamwona Juma, ameshawahi, anakula muwa, akaacha kutafuna.

Na nikamwona, au nilimsikia kwanza, mama.

"Khanga yangu!"

Hakusema mwanangu. Khanga yangu.

Mlangoni pa maktaba walikuwa wamesimama wote wawili, Bwana Zakaria na kengele ya mkono ameinyanyua, Mzee Bundala na saa yake. Juu ya vichwa vyao lile bango la KIMYA. Ngoma zikasimama, watu wakanyamaza (wengine wanasema ni bango, mimi nasema ni uso wa Mzee Bundala), kengele ya baiskeli peke yake ikawa bado inalia.

"Piga, Zakaria," akasema Mzee Bundala. "Muda umefika. Piga."

Bwana Zakaria akaitazama kengele. Akanitazama mimi. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati, taratibu, jicho la kwanza, jicho la pili, na wale vijana wanne, Mungu awape wake wema, wakapiga hatua mbili za ngoma, wakasukuma gurudumu la mbele likavuka kizingiti. Ndipo akavaa miwani akapiga.

"Imebebwa!" Mzee Bundala akang'aka. "Haikuendeshwa hiyo! Imebebwa!"

Mimi kichwa kiko chini, damu yote iko masikioni, lakini mdomo ulikuwa salama. "Kanuni inasema baiskeli iingie kabla ya kengele, mzee. Haikusema iingie kwa miguu yake."

Watu waliangua kicheko ambacho nadhani kilifika Tinde. Mzee Bundala akarudisha saa mfukoni, akaukosa mfuko.

Aibu yenyewe hasa ilikuja baada ya hapo, msidhani nimeisahau. Bwana Zakaria alileta mkasi wake wa kukatia karatasi, akapiga magoti, akakata khanga ya mama kipande kwa kipande mbele ya mama, na kila kipande kikikatwa mama anavuta pumzi kana kwamba anakatwa yeye, na cha mwisho kilipokatika nikasimama, nimeachwa na kaptura, mgongo kwa mji wote. Juma ndiye aliyesema, maana hakuna jambo analoweza kuliacha likae: "Kabula! Hiyo si kaptura ya kaka yako?" Nikajifunika kwa kitu cha kwanza nilichokipata, ambacho kilikuwa gazeti la Mzee Bundala.

Nyumbani yaliyonipata ni ya nyumbani. Khanga nimemwomba mama radhi, na nilimaanisha, nimepiga goti tena bila kuombwa, na hata sasa nikiuona mfuko wake wa nguo napita kando.

Lakini kamati ilipokaa wiki iliyofuata nikaitwa, Mzee Bundala akasema kwa upole mpya kabisa, kwamba baiskeli iliingia kwa wakati, mashahidi ni wengi mno na mmoja ana chatu, kwa hiyo wasichana wataendelea. Ila niombe radhi. Nikasema nimebeba michembe, kanuni imekataza, kwa hilo naomba radhi. Akasema siyo michembe. Niombe radhi kwa kupanda, msichana mzima, nikaleta fedheha mjini. Nikiomba, yamekwisha, naruhusiwa kuazima baiskeli leo hii. Nisipoomba, sitaigusa mpaka mwaka uishe.

Bwana Zakaria akanitazama kwa kuniomba. Nilitaka kuomba, jamani, mguu mmoja ulikuwa umeshaanza. Halafu nikawaona wasichana wenzangu waliokuwa wametega masikio dirishani. Nikasema, "Aliyeleta fedheha ni khanga, mzee. Baiskeli haikufanya kitu."

Mpaka mwaka uishe.

Lakini naye hakutoka bure. Kamati ililazimika kuweka kanuni ya mavazi, na hapo walikaa mpaka taa zikawashwa, maana khanga inaingia kwenye cheni, gauni linaingia, sketi haipandi, na kilichobaki hakuna aliyetaka kukitaja. Kesho yake Mzee Bundala, yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, alisimama akawatangazia wasichana wa Shinyanga kwamba wakiazima baiskeli ni lazima wavae suruali. Walipokuja nazo hakuangalia. Alilala na gazeti.

Nimeapa, na muwe mashahidi: khanga sitaivaa tena juu ya baiskeli maisha yangu yote, hata ya harusi. Baiskeli nitapanda.

Jana jioni nilikuwa natembea kwa miguu kutoka kwa bibi, kitabu mkononi, michembe kichwani, nikasikia kengele nyuma yangu. Nani? Teddy. Suruali ya mjomba wake imekunjwa mara tatu, usukani anaushika kama koo la jogoo, lakini anakwenda. Akafunga breki pembeni yangu, akachungulia huku na huku.

"Panda nyuma, Kabula. Nikufikishe."

"Kanuni inakataza kupakia mtu."

"Wewe leo ndiyo wa kuniambia kanuni?"

Nikatazama mbele. Tulikuwa tumeshafika karibu na maktaba, na kwenye dirisha la mwisho niliona gazeti limeshushwa kidogo, macho mawili yametokeza juu yake, yanangoja. Yangeanza na Teddy, yakamaliza na wote.

"Nyonga tu," nikamwambia. "Nitakimbia."

Akanyonga. Nikajifunga michembe mgongoni, nikakimbia pembeni yake, na tulipofika usawa wa lile dirisha nikauanzisha ule wimbo mwenyewe, kwa sauti yangu yote, na Teddy, ambaye ana adabu ya watu wawili, akaitikia.